Pikapu Iliyokatwa Kichujio

Mliniacha wiki iliyopita nimelala chali chini ya pikapu yangu, kwenye kituo cha mafuta cha Coyle, katikati ya jangwa la Nevada, na viatu vya mama mkwe wangu vimesimama kando ya sikio langu.

Kwa aliyenikosa: mimi ni Orrin Tackett, mfuga nyuki wa Idaho. Kila Februari tunapakia mizinga kwenye tela na kuipeleka California, milozi inapochanua. Mwaka huu pikapu iliugua kabla ya safari. Kichujio cha moshi kiliziba, gari likawa linakohoa na kuzimika kila kwenye mwinuko. Wendell, kaka wa mke wangu Marlys, akasema dawa ya kichujio ni kukikata. Akakikata ghalani kwake kwa msumeno, akachomelea bomba tupu mahali pake, na gari likafufuka. Likapata nguvu za trekta, na sauti ya trekta.

Mama mkwe, Bi. Ione, hakuambiwa. Nusu ya mizinga ile ni yake, na alikuja safarini kwa sababu moja tu: haniamini na nyuki wake.

"Orrin," ilisema ile sauti ya juu ya viatu.

"Naam, Mama."

"Unafanya nini huko chini?"

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

"Vitu vya chini."

Nikasikia magoti yake yakilia. Mama Ione ana umri wa kubebewa mikoba, lakini alipiga magoti kwenye lami ile, akawasha tochi, akachungulia. Huyu ni mwanamke aliyeendesha matrekta tangu hajaota meno ya ukubwani.

"Bomba la mbele lina kutu," akasema. "Bomba la nyuma lina kutu. Hili la katikati linang'aa kama kijiko cha harusi. Hapo katikati palikuwa na nini?"

"Palikuwa na... nafasi."

"Orrin."

"Kichujio, Mama."

"Na kukiondoa ni halali?"

"Kwetu Idaho hakuna anayepima."

"Sikukuuliza nani anapima. Nimekuuliza kama ni halali. Na hatuko Idaho."

 Nilitoka chini kwa kujiburuza, nikaingia ndani ya gari, nikampigia Wendell anisaidie uongo. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilisahau kwamba simu yangu ikiwa garini hujiunganisha yenyewe na spika za redio.

"Shemeji!" sauti ya Wendell ilijaa garini kama mahubiri. "Vipi, bi kizee hajashtuka?"

Mama Ione alikuwa ameshakaa kiti cha pembeni, anafunga mkanda. Aliniinulia kidole: niendelee.

"Bado," nikasema. "Wendell, nisaidie. Tuko Nevada. Hapa sheria inasemaje?"

"Nevada wanapima mijini. Usipite mijini."

"Na California?"

"California usiende."

"Wendell, nyuki wanaenda California!"

"Basi wapitishe Arizona."

"Arizona si njia! Na mwisho wake ni California vilevile!"

"Sikiliza, shemeji, usipaniki. Ukisimamishwa, mwambie askari gari si lako. Mwambie ni la mama mkwe. Nani atamfunga ajuza?"

Mama Ione aliinama kidogo kuelekea redio.

"Wendell," akasema.

 Kwenye spika ikasikika kama mtu anaangusha sufuria, na simu ikakatika.

Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alitazama mbele, jangwa lote limetulia, akasema, "Baba yenu Harlan alikufa bila kudaiwa uongo na mtu. Nyuki wake hawaendi California kwa gari la wizi."

"Si la wizi, Mama."

"Limeibiwa kichujio. Tafuta fundi."

*

Coyle ina fundi mmoja, Lupe Arriaga. Sijafika hata getini kwake, akatoka anafuta mikono, akasikiliza, akafunga geti.

"Zima hukohuko nje, kaka."

"Hujaliangalia bado!"

"Nimelisikia."

Tukaongea kupitia vyuma vya geti, kama watu waliokuja kumwona mfungwa, isipokuwa haikujulikana mfungwa ni nani.

"Sheria ya nchi nzima inakataza kukiondoa," Lupe akasema. "Idaho, Nevada, California, na mwezini siku wakifungua gereji. Tofauti ni kwamba kuna mahali wanakuchungulia na mahali hawakuchungulii. Hapa Coyle hawachungulii. Reno wanachungulia magari ya wenyeji. California ndiyo usiseme."

"Kwa hiyo kule kwetu shambani ni halali?"

"Kule kwenu hujaonekana. Kutoonekana si uhalali."

Mama Ione aliitikia kwa kichwa, kama yuko kanisani na mahubiri yamempata mtu mwingine.

"Basi nirudishie," nikamwambia Lupe. "Niondolee aibu hii."

"Kukirudisha naweza. Lete kichujio."

Nikampigia Wendell tena, safari hii kwa amri ya Mama Ione, na simu nimeiweka sauti ya juu wote wasikie.

"Kile kichujio uliniambia umekitunza," nikasema.

"Nimekitunza, shemeji. Nimekitunza vizuri sana."

"Kiko wapi?"

"Uani."

"Uani wapi?"

"Kinachoma nyama."

Lupe aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Nilikipasua katikati," Wendell akasema, kwa fahari isiyofichika, "nikakwangua yale ya ndani, nikatia wavu. Hujawahi kuona jiko kama lile! Zile mbavu za Jumapili ulizosifia, unafikiri zilitoka wapi?"

Nilikumbuka zile mbavu. Nililamba vidole. Nilimwambia Marlys zina ladha ya kipekee, na ni kweli, zilikuwa na ladha ya barabara kuu.

"Wendell," akasema Mama Ione. "Lete hilo jiko hapa."

"Mama, lina nyama ndani."

"Lete na nyama."

Tukalala nyumba ya wageni ya Coyle, mizinga imefunikwa wavu nje ya dirisha langu. Sikupata usingizi. Mwenye mashamba ya milozi alikuwa ameshanipigia: maua yamefunguka mapema, nisipofika kesho yake nafasi yangu anapewa mtu wa Dakota. Na si nafasi tu. Mizinga ile ndiyo yote tuliyonayo, mimi, Marlys na Mama Ione. Nyuki wakikaa safarini bila ua wanakufa kimyakimya, na mfugaji anajua pale tu anapofungua kifuniko.

*

Asubuhi tulirudi getini kwa Lupe kumngoja Wendell. Jua la Februari lilikuwa limejitokeza bila kualikwa, kali kama la Mei, na nyuki wakaanza kuvuma.

Ndipo nikaona wingu.

Lilikuwa jeusi, linakuja barabarani kwa mwendo wa pole. Nilidhani kuna nyumba inaungua na inahama. Lilipokaribia, ndani yake ikatokea pikapu ya mwaka tisini na nne, kuukuu kuliko ndoa yangu, inatoa moshi hadi kunguru waliokuwa kwenye waya wakaondoka wote.

"Huyo!" nikamwambia Lupe. "Mfungie geti huyo! Mkamateni!"

"Huyo ni Mzee Verlin," akasema Lupe, akafungua geti. "Huyo ni halali."

"Halali? Sioni hata milima!"

"Gari lake lilizaliwa bila kichujio. Hajaondoa kitu, maana hapakuwa na kitu cha kuondoa. Hata California, dizeli ndogo za umri huo hazipelekwi kupimwa."

Nilitazama pikapu yangu, imesimama inapumua moshi mwembamba kama wa sigara. Nikatazama ile nyingine, inafukiza mtaa mzima.

"Kwa hiyo kosa langu si moshi?"

"Kosa lako ni msumeno," Lupe akasema.

Moshi ukatawanyika na mwenyewe akashuka. Alikuwa mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata, na jiwe la samawati shingoni. Alikuja kuchukua betri. Lakini alipomwona Mama Ione kwenye kiti chake cha kukunja, anafuma uzi pembeni ya mizinga kana kwamba yuko barazani, betri ikamtoka akilini. Akavua kofia.

"Shikamoo, Bibi. Nyuki hawa ni wako?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Ya huyu anayeshinda chini ya magari."

"Mimi ni Verlin Oakes. Mke wangu, Mungu amrehemu, alifuga nyuki. Tangu aende sijasikia mvumo huu." Akafumba macho, akasikiliza. "Wana furaha hawa."

"Wana njaa," Mama Ione akasema. Lakini uzi ulikuwa umesimama mikononi mwake.

Sijui nani alitoa wazo kwanza. Najua tu kwamba punde si punde Mzee Verlin alikuwa amelirudisha nyuma gari lake hadi kwenye tela langu, na Lupe anafunga minyororo.

"Nitawafikisha hadi kwenye milozi," mzee akasema. "Sitaki malipo. Nataka tu mtu wa kunionyesha njia."

"Mimi naijua njia vizuri," nikasema, nikishika mlango.

"Bibi ndiye ataionyesha," akasema.

"Mama," nikamnong'oneza, "hatumjui mtu huyu."

"Tunalijua gari lake. Ni halali. Ndilo la kwanza halali nililoliona tangu tutoke nyumbani."

"Bila nyuki nitakuwa nafanya nini hapa?"

"Utamngoja Wendell. Mtalirudisha gari katika hali yake ya kibinadamu, kisha mtanifuata."

Kabla hajapanda, alijitazama kwenye kioo cha pembeni, akaweka nywele sawa kwa kiganja. Nimekaa naye nyumba moja miaka mingi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Mzee Verlin akasema neno ambalo sikulisikia, na Mama Ione akacheka, kicheko cha sauti, cha kwanza tangu tumzike Baba Harlan. Niliposikia kile kicheko nikashindwa kuendelea kubisha.

Wakaondoka. Kwa muda mrefu niliweza kujua walipo kwa kutazama mbingu.

*

Marlys alipiga kabla ya mchana.

"Mama yuko wapi? Hapokei simu."

"Yuko mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele kabisa. Amepanda gari la mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu... halali."

"Orrin, nakuuliza. Mtu wa namna gani?"

"Amevaa vizuri, mke wangu. Ana pikapu ya mwaka tisini na nne."

"Umempa mama yangu na nyuki wetu wote kwa mtu usiyemjua kwa sababu ya mwaka wa gari lake?"

Ukilisema hivyo, linasikika vibaya.

Hajamaliza kunigombeza, Wendell akaingia. Hakuna aliyehitaji kutangaza. Pikapu yake pia alishaikata kichujio zamani, anasema ilikuwa kwa majaribio, na iliingia Coyle kwa mlio uliotetemesha vioo vya duka la jirani. Lupe akafunga geti tena.

Wendell akashusha jiko. Lilikuwa bado la vuguvugu. Lupe alitoka akaligeuza, akachungulia ndani kwa tochi, akanusa.

"Hiki kilikuwa kichujio," akasema. "Sasa ni chombo cha upishi."

"Hakiwezi kurudi?" nikauliza.

"Kaka, kina majivu ya mkaa na mafuta ya nguruwe. Nikikirudisha, gari lako litapita Reno linanukia chakula cha mchana. Agiza kipya. Kinakuja na lori la wiki ijayo. Mpaka hapo halitoki hapa likitoa moshi mbele ya macho yangu."

"Ubavu?" Wendell akamkaribisha.

Lupe akautazama ubavu ule kwa muda. Akauchukua. "Hili halihusiani na sheria," akasema.

Nilikaa kwenye kile kiti cha kukunja alichokiacha Mama Ione. Sina nyuki, sina gari, sina mama mkwe. Nilikuwa na jiko.

Marlys akapiga tena. Safari hii alikuwa anaongea polepole, na mke wangu akiongea polepole ni heri anifokee.

"Orrin. Mama amenitumia picha."

"Ashukuriwe Mungu. Wamefika kwenye milozi?"

"Wako Reno. Ameshika maua."

"Ya milozi?"

"Ya bibi harusi, Orrin! Amesimama mbele ya kanisa la kuozesha watu papo kwa papo, na pembeni yake yuko babu amevaa jiwe shingoni! Nyuki wetu wanaonekana nyuma yao!"

Wendell alidondosha ubavu.

Sikuwahi kumjibu Marlys, maana simu nyingine ilikuwa inaingia. Ni Mama Ione. Nyuma yake nilisikia king'ora, mtu akipiga yowe, na mvumo ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu mzazi.

"Orrin, mwanangu, sikiliza na usinikatize. Nilikuwa mlangoni. Verlin alitangulia ndani kuongea na mchungaji. Neno 'ndiyo' lilikuwa limeshafika mdomoni, nilikuwa naenda kulisema. Breki ya mkono ikaachia."

"Ya nani?"

"Ya gari, mjinga wewe! Limerudi nyuma na tela lote, likagonga nguzo. Wavu umechanika, mizinga imeanguka, nyuki wametoka. Wameganda kwenye mlango wa kanisa, mlango hauonekani. Verlin amefungiwa ndani na mchungaji na mpiga kinanda. Mimi niko nje na maua. Nyuki wanayapenda haya maua."

"Umeumwa?"

"Nyuki wangu hawaniumi. Wanawauma askari. Orrin, bomba la moshi liko wapi?"

"Mama, si nilishakwambia? Wendell alilikata."

"La nyuki!" akafoka. "Bomba la moshi la nyuki! La kuwatulizia!"

Nikageuka. Lilikuwa nyuma ya kiti cha pikapu yangu, na mavazi yangu ya kurinia juu yake. Tulipohamisha tela hakuna aliyelikumbuka. Bila moshi, nyuki walioshtuka hivyo hawakusanyiki. Na jua likishuka, baridi ya Reno itawamaliza wote pale mlangoni, mmoja mmoja.

"Ninalo hapa, Mama."

"Basi lilete. Ngoja, afande anataka kuongea nawe."

Simu ikabadilisha mikono. Mtu akahema, akajipiga kofi, akahema tena.

"Bwana Tackett?" ilikuwa sauti ya kiume, na midomo imevimba. "Wewe ndiye mwenye moshi?"

Nimeogopa swali hilo tangu mpaka wa Idaho. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila aina. Hakuna hata moja lililofaa.

"Ndiyo, afande."

"Njoo nao. Wote ulio nao. Gari letu halifunguki milango kwa nyuki, mwenzangu amejifungia kwenye duka la pete. Unakuja na gari gani? Niambie, nitoe taarifa njia nzima wakupishe, usisimame popote. Aina, rangi, mwaka."

Nikaishusha simu kifuani. Lupe alikuwa amesimama mbele ya pikapu yangu, mikono kifuani, mfupa wa ubavu mkononi. Alinitikisia kichwa: hapana. Wendell naye alikuwa ameshaingia kwenye ile yake. Akawasha. Coyle yote ikapotea ndani ya moshi, nikabaki namwona yeye peke yake, dirishani, ananiita kwa mkono.

Nikarudisha simu sikioni.

"Ni pikapu, afande. Rangi haionekani vizuri kwa sasa. Lakini waambie wasijali. Watalitambua kwa mbali."

"Kwa nini?" akauliza.

Na nyuma yake, juu ya mvumo wa nyuki wetu wote, nikamsikia Mama Ione akipaza sauti: "Mwambie kweli, Orrin! Mwambie yote!"